Barua ya Wazi: Hesabuni Watu wa Mutomo Kabla ya Kumwaga Zege

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kitui,
Kwa waheshimiwa wawakilishi wa wadi za Kitui Kusini,
Kwa viongozi wa Shirikisho la Kandanda Kenya (FKF), makao makuu na matawini.

KUH: VIWANJA NA WATAZAMAJI WA KANDANDA KITUI KUSINI

Waheshimiwa,

Tarehe 20 Oktoba 2025 nchi nzima ilielekeza macho Ithookwe. Uwanja wetu wa Kitui mjini ulikuwa umepandishwa hadhi kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa, na ni hapo hapo Rais alipotangaza kwamba uwanja mpya wa Talanta kule Nairobi, wa watu 60,000, utapewa jina la Raila Odinga, aliyekuwa ameaga dunia siku tano kabla. Sisi wa Mutomo tulijivunia kama Wakitui wengine wote. Lakini tangu siku hiyo swali halikauki vinywani: na Mutomo je, tutajengewa lini?

Ombi langu litawashangaza wengi wa jirani zangu. Msitujengee. Si sasa. Kabla ya mkandarasi kuleta lori la kwanza la kokoto, naomba mtu mmoja mwenye daftari asimame kando ya mstari kila wikendi na kuhesabu wanaokuja kutazama mpira. Hesabu hiyo hakuna aliye nayo, si nyinyi wala sisi, na bila hiyo kila jukwaa litakalojengwa huku litajengwa kwa kubahatisha.

Najua hoja itakayotangulia: Wakamba si watu wa mpira, twende kwenye mambo mengine. Anayesema hivyo hajapita sokoni Mutomo Jumamosi jioni. Vibanda vya video hujaa hadi watu wanasimama mlangoni wakichungulia juu ya mabega ya wenzao. Hulipia, tena bila kunung'unika, ili kumtazama mchezaji aliye London akikosa penalti. Mtu huyo huyo ukimwambia kwamba kilomita moja kutoka alipoketi vijana wa mtaa wake wanacheza bure, atakuuliza: wanacheza? Saa ngapi? Hiyo "saa ngapi" ndiyo nusu ya barua hii.

Mechi zetu nyingi hupigwa Jumamosi saa kumi jioni. Ni wakati ule ule ambapo Ligi Kuu ya Uingereza imeshika kasi, kwa sababu mechi zao za mchana hutufikia sisi kuanzia saa nane na nusu au saa tisa na nusu, na zile za saa tisa kwao huanza kwetu saa kumi na moja au saa kumi na mbili, kutegemea majira yao. Yaani tumechagua, kwa hiari yetu wenyewe, kushindana na Arsenal. Halafu tunashangaa tukipigwa.

Waairishi walikuwa na shida hii kabla yetu, na kwao ilikuwa mbaya zaidi maana Liverpool na Manchester ni ng'ambo tu ya maji. Shabiki wa Dublin hupanda meli au ndege na kurudi nyumbani kulala. Nawataja Waairishi kwa sababu Mutomo haiwezi kudai kwamba haiwajui. Masista wa Mercy waliotoka kwao ndio walioanzisha hospitali yetu ya misheni, na wengi wetu tumezaliwa mikononi mwa wauguzi waliofunzwa nao. Ligi yao ya nyumbani ilidharauliwa kwa miongo mingi na watu wake wenyewe. Mwaka 2003 waliihamisha kutoka msimu wa baridi, sasa inaanza Februari na kumalizika karibu Novemba, hivyo miezi ambayo Uingereza wamepumzika wao wanacheza. Na siku yao kubwa ni Ijumaa usiku, wakati runinga haina mengi ya kuwashika watu. Tarehe 16 Februari 2025 mechi ya Bohemians na Shamrock Rovers ilichezewa uwanja wa taifa, Aviva, na waliohudhuria walikuwa 33,208. Angalieni ile nane ya mwisho. Mtu alihesabu.

Sisemi ratiba pekee ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Lakini ratiba haigharimu saruji. Kitui Kusini tuna zawadi ambayo hatujaifungua: kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti Uingereza hawachezi ligi, na huku kwetu ndiyo miezi ya ubaridi na ukavu, mvua za masika zimekwisha na jua lina adabu. Ligi ya kaunti na ya kaunti ndogo zikikazwa ndani ya wiki hizo, kibanda cha video hakitakuwa na cha kuonyesha ila marudio. Miezi mingine tucheze Ijumaa saa kumi na robo. Wanafunzi wametoka, watu wa ofisi wanafunga, na filimbi ya mwisho inalia kabla giza halijaingia. FKF, hili ni lenu. Halihitaji Bunge la Kaunti wala mfadhili.

Sasa niwapeleke uwanjani penyewe, maana huenda wengi wenu hufika siku ya fainali tu, hema zikiwa zimesimamishwa.

Huku viwanja vingi tunavyochezea ni vya shule. Udongo ni mwekundu, mgumu kama sakafu, na mvua zikikatika hugeuka vumbi linalompofusha kipa. Mistari huchorwa kwa majivu, na kufikia kipindi cha pili upepo umekwisha kuibeba, kwa hivyo kona hupigwa kwa makubaliano. Hakuna ua. Watazamaji husogea hatua kwa hatua hadi vidole vya miguu viko ndani ya uwanja, na mshika kibendera hubaki akikimbia katika kijia chembamba baina ya watu na mpira, akiomba njia kama kondakta. Boda boda zimepangwa nyuma ya goli kwa sababu ndizo viti. Kivuli ni cha mgunga mmoja, nao wazee wameshaukalia. Anayeuza njugu na mayai hufanya biashara nzuri dakika thelathini za mwanzo, kisha hufunga sinia aende sokoni.

Halafu tazameni ni nani hayupo. Wanawake ni wachache mno, na wengi waliopo ni wasichana wa shule wanaosimama kwa kundi karibu na madarasa. Nimewauliza akina mama wa hapa kwa nini hawaji kuwatazama wana wao, na jibu ni moja ninalolisikia tena na tena: choo. Vyoo vya shule vimefungwa kufuli wikendi. Mwanamume ataenda vichakani. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kusimama saa mbili juani bila choo na bila maji. Mnapokaa kuchora uwanja wa shilingi milioni kadhaa, kumbukeni kwamba nusu ya watazamaji wanazuiwa na mashimo mawili na mlango.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaonyesha kwa nini naogopa zege.

Katika miaka ya 2010 serikali ya kitaifa ilianza kujenga na kukarabati viwanja vya mikoani: Wote kwa majirani zetu wa Makueni, Chuka, Kinoru, Karatu, Ruring'u, Marsabit, na Kamariny kule Elgeyo Marakwet. Kinoru kilifika mahali. Vingi vya vile vingine vilikwama miaka nenda miaka rudi, mkandarasi kaondoka, nyasi pori zimeota baina ya nguzo. Cha Kamariny ndicho kinachonikera zaidi. Kilikuwa uwanja wa udongo tu juu ya bonde, lakini mabingwa wa dunia wa riadha walifanyia mazoezi pale. Kikafungwa ili kiboreshwe, kazi ikakwama, na wakimbiaji wakakosa hata ule udongo. Mutomo haina bingwa wa dunia wa kupoteza, lakini ina watoto wanaocheza kila jioni. Uwanja ukizungushiwa mabati kwa miaka sita, mtoto wa miaka kumi anakuwa kijana wa kumi na sita ambaye hajacheza mpira. Naomba iwe sharti katika zabuni yoyote: eneo la kuchezea lisifungwe hadi fedha za kumaliza awamu nzima ziwe zimetengwa, na hata hapo liachwe wazi upande mmoja.

Wapo waliofanya vizuri, na hawako mbali. Machakos waliutengeneza Uwanja wa Kenyatta na timu za Ligi Kuu zikahamia huko kucheza mechi za nyumbani, kwa kuwa Nairobi viwanja vilikuwa vikifungwa ovyo. Desemba 2017 fainali ya CECAFA ilichezwa pale pale, Kenya na Zanzibar zikatoka 2–2, na Patrick Matasi akaokoa penalti hadi kombe likabaki nyumbani. Ukambani, waheshimiwa, ukijaa pomoni kwa mpira. Kilichowasaidia Machakos ni kwamba mechi zilikuwapo. Uwanja ulipata wapangaji.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Ruangwa, mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Ni mji mdogo wa wakulima, mbali na kila kitu, na kama si korosho na ufuta wengi wasingeujua. Namungo FC ya huko ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kucheza katika Uwanja wa Majaliwa, nyumbani kwao. Tangu hapo Simba na Yanga hulazimika kufunga safari hadi Ruangwa, na watu wa vijiji vya jirani huwaona kwa macho wachezaji waliokuwa wakiwasikia redioni tu. Msimu wa 2020/21 Namungo walifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ndiyo, walikuwa na bahati ya kuwa na mtu mkubwa serikalini. Uwanja una jina la Waziri Mkuu wa wakati huo, na sidhani anayeusoma ubao wa langoni hawezi kujumlisha. Lakini upendeleo huo ungekufa bila timu. Timu ndiyo inayowaleta watu kila baada ya wiki mbili, mvua au jua.

Na Waairishi tena, kwa mara ya mwisho. Shamrock Rovers, klabu kubwa ya Dublin, walipoteza uwanja wao wa Milltown mwaka 1987. Wenye klabu waliuuza, nyumba zikajengwa. Klabu ikahamahama miaka zaidi ya ishirini. Walipoanza kujenga upya Tallaght mwaka 2000, fedha zikaisha na jukwaa likabaki mifupa. Mngedhani nasimulia habari za Wote. Kilichobadilisha mambo ni kwamba halmashauri ya eneo, South Dublin, ilichukua mradi wenyewe: uwanja ukawa mali ya umma, klabu ikawa mpangaji. Ulifunguliwa 2009. Haukujengwa wote kwa mkupuo. Waliongeza jukwaa baada ya jukwaa kadiri watu walivyozidi, hadi upande wa nne ukafungwa mwaka 2024. Unaona mpangilio huo? Watu walitangulia, kiti kikafuata.

Kwa hiyo sina ugomvi na kaunti kumiliki viwanja. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewakabidhi michezo na vifaa vyake, na msikubali mtu awarushie mpira kwamba ni kazi ya Nairobi. Tena kuna jambo la haraka kuliko jukwaa: hati miliki. Tangu lami ya Kibwezi hadi Kitui ipite hapa mjini, ploti za Mutomo hazishikiki bei. Kipande chochote cha wazi kisicho na karatasi kinatolewa macho. Pimeni uwanja wa umma sasa, uandikishwe kwa jina la kaunti kwa matumizi ya michezo, na mipaka iwekwe mawe. Milltown iliuzwa na wenyewe. Cha kwetu kitauzwa na wasiokuwa wenyewe.

Nije kwenye nyasi, maana najua mchoro utakaoletwa utakuwa wa kijani kibichi. Uwanja kamili una mita 105 kwa 68, yaani mita mraba 7,140. Nyasi katika joto letu zitataka kama milimita 5 za maji kwa siku, na hapo nimekadiria kwa huruma. Hizo ni lita 35,700: mitungi 1,785 ya lita 20, kila siku ya kiangazi. Ni nani atakayeenda kumweleza mama aliyepanga foleni kwenye kioski, au anayechimba mchanga wa mto kutafuta maji, kwamba mitungi hiyo ni ya kunyweshea goli? Mtu ataniambia tuvune maji ya paa la jukwaa. Sawa, tupige hesabu. Paa la mita 60 kwa 10, mwaka wa mvua ya milimita 600, likidaka kila tone bila kupoteza, litatoa lita 360,000. Nyasi zitazimaliza kwa siku kumi. Maji hayo hayo yakitunzwa kwenye matangi, yatatosha kunywa, kunawa na kuhudumia vyoo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na shule jirani ikapata yake. Nyasi bandia nazo hazinywi, lakini chini ya jua la Kitui Kusini huwaka moto hadi nyayo zikaungua, na baada ya miaka kama kumi lazima zing'olewe na kununuliwa upya. Sisi tupeni udongo uliosawazishwa vizuri, ulioshindiliwa, wenye mteremko kidogo wa kutoa maji pembeni, usio na mawe wala miiba. Tumecheza kwenye kibaya zaidi maisha yetu yote.

Hivyo orodha yangu ni fupi mno kuitwa mradi: greda siku chache, magoli ya chuma yenye nyavu, vyoo, matangi, miti ya kivuli pande mbili, na kamba au ua mfupi wa kuwazuia watu wasiingie uwanjani. Mkiamua kuweka ukuta, wekeni malango mengi yanayofunguka kuelekea nje. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu 7 walikufa kwenye msongamano wa Nyayo siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Ukuta mrefu wenye lango moja ni hatari, si maendeleo.

Na karani wa lango. Hapa sitakubali kupunguziwa. Fomu ya refa iongezewe mstari mmoja wa idadi ya watazamaji, karani ahesabu mwanzo wa kipindi cha pili, wanaume na wanawake kando kando, na takwimu zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kaunti ndogo na kwenye ukurasa wa FKF. Tukianza kuona mechi ya timu fulani inavuta watu 800 na nyingine 40, tutaanza kuuliza maswali ya maana. Mfanyabiashara wa hapa naye atajua anaweka pesa zake wapi, badala ya kusubiri kombe la mheshimiwa fulani, ambalo huja na jezi mpya na mipira, hujaza watu uwanja kwa siku mbili, kisha likatoweka hadi karibu na uchaguzi.

Kuhusu kiingilio, maoni yangu ni kwamba tusitoze mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, shilingi 20 kwa simu, na mgao utangazwe hapo hapo kwenye kipaza sauti: kiasi gani kwa timu, kiasi gani kwa refa, kiasi gani kwa usafi wa choo. Watu wa Mutomo hulipa kibandani kwa sababu wanajua wanacholipia.

Kwa FKF nina neno la ziada. Mwaka 2024 Harambee Stars ilikuwa ikicheza mechi zake za nyumbani Lilongwe na Kampala kwa sababu Kenya nzima haikuwa na uwanja wa kukubalika. Mwaka uliofuata, CHAN ilipofika Kasarani, umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba CAF ilipunguza watazamaji hadi 27,000 kwa sababu za usalama. Kiu ya watu mnaijua. Kiu hiyo haikuzaliwa Kasarani, inaanzia kwenye viwanja vya majivu kama hivi vyetu, na wachezaji wa hiyo Talanta ya baada ya AFCON 2027 watatoka huku. Mkitengeneza ratiba ya kaunti mwezi mmoja kabla na msiibadilishe kwa ujumbe wa simu usiku wa kuamkia mechi, mtakuwa mmetufanyia zaidi ya jukwaa.

Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Kabla ya hapo mtakuja Mutomo kusikiliza maoni ya wananchi kama sheria inavyotaka. Mkija, acheni nyumbani ule mchoro wa rangi. Njooni na mpima ardhi, na kama mmeshamwajiri karani, njooni na daftari lake. Nitakuwa nimeketi safu ya mbele, na nitauliza ukurasa wa kwanza una watu wangapi.

Wenu,
Mkazi na shabiki wa kandanda,
Mutomo, Kitui Kusini.